Ua Lenye Mwenyewe

Siku waliyomzika Muoki kule Gatuanyaga, gari la kampuni lilifika limefunga vioo vyote, na Syombua, dada yake marehemu, akafanya kosa ambalo huwezi kulifanya kama hukulelewa vizuri: aliwawekea viti vya mbele.

Aliwawekea kwa moyo mweupe. Yeye na kaka yake walikuwa wameajiriwa shamba moja la maua nje ya Thika. Yeye alipanga maua kwa urefu, Muoki aliunga miche. Kuunga ni kukata kijiti cha waridi la kizungu na kukifunga kwenye shina la waridi-mwitu mpaka vishikane viwe kitu kimoja. Kwa mikono yake Muoki alikuwa amejaza nyumba nyingi za plastiki na lile waridi jekundu ambalo kwenye maboksi liliandikwa Lotte. Wafanyakazi waliliita Mama Mkwe, kwa sababu kwa mbali linapendeza, ukilisogelea utajua hujui. Maji ya mto yalinywewa na Mama Mkwe kwanza. Yakibaki ndiyo yaliteremka kwa watu, na hadi yafike Gatuanyaga huwa hayajabaki.

Mambo haya hayakuanza jana. Babu yao alikata mkonge kwenye ardhi ileile, kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, kikining'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe. Mkonge ukaondoka, ua likaja, mwenye shamba akabadilisha koti. Muoki alikuwa na msemo wake kila asubuhi wakipanga foleni langoni, mbele ya mashine inayosoma vidole. "Babu alivaa kipande," angesema, "sisi tunabonyeza. Hayo ndiyo maendeleo."

Sasa Muoki alikuwa ndani ya sanduku, kifua kimemmaliza, na kwenye viti vya mbele walikaa wawili. Wa kwanza alikuwa Kagwe, mkubwa wa wafanyakazi, mtu wa Ngoingwa, mtaa wa wenye nafasi mjini Thika, ambaye tangu ateremke garini alikuwa akivikagua viatu vyake kana kwamba vumbi lilitumwa na maadui. Wa pili alikuwa Annelies, mama wa kutoka Uholanzi, ambaye kampuni ya kwao ndiyo iliyolibuni waridi hilo na kulipa jina la mpwa wake. Alikuja kukagua shamba. Aliposikia kuna mazishi akaomba kuja, maana alitamani kuona utamaduni. Simu yake haikushuka. Ilipiga picha sanduku, ikapiga wazee, ikapiga watoto wenye kamasi, hasa hao.

Emsii alikuwa Byron, kijana wa Kimbo kule Ruiru anayekodisha hema na vipaza sauti, na alipofika kwenye mashada alipaza sauti: "Sasa tunaomba kampuni ije iweke heshima zake."

Kagwe akainuka na shada. Lilikuwa la plastiki, bado limo ndani ya nailoni. Kina mama wa chumba cha kupanga maua wakatazamana. Shamba linalojaza ndege maua kwenda ng'ambo lilimzika fundi wake kwa plastiki iliyonunuliwa mjini Thika. Mtu hasemi kwenye kaburi la mwenzake, na watu wa viti vya mbele wanalijua hilo vizuri sana.

"Sasa familia itapanda ua," Byron akatangaza.

Syombua akaenda nyuma ya jikoni. Hapo, mahali wanapomwaga maji ya vyombo, palisimama kichaka cha Mama Mkwe kilichomfika kifuani. Muoki alikileta zamani, kikiwa kijiti tu alichokificha ndani ya gambuti, buti lake la kazi. Syombua akakata vijiti vitatu, akarudi, akavichomeka kwenye udongo mbichi upande wa kichwa. Kisha, kwa kuwa mgeni ni mgeni, akalichukua ua moja lililochanua, alilolichuma kwenye kichaka hicho, na kumpelekea Annelies kwa mikono miwili.

"Hili ni lako, mama," alimwambia kwa Kiingereza. "Ni la mkono wa Muoki."

Annelies akalipokea. Akaligeuza, akazitazama petali kwa nyuma, kama mtu aliyemwona mtoto wake kwenye umati wa ugenini. Machozi yakamlengalenga. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Mmelitoa wapi?"

Watu walipokuwa wakila wali na maharagwe, Kagwe alimwita Syombua kando ya gari.

"Pole tena. Lakini vile vijiti utavitoa."

"Vijiti gani?"

"Usinizungushe. Vya kaburini. Na kile kichaka cha huko nyuma. Hiyo aina ina mwenyewe kisheria. Haipandwi nje ya shamba bila ruhusa yake, na mwenyewe ndiye huyu uliyemwekea ushahidi mkononi."

Annelies alikuwa amesimama karibu, ua bado analo. Akasema anasikitika mno. Akasema si yeye, ni kanuni. Watu wa kwao walitumia miaka mingi kulitengeneza ua lile, na akiachia moja atawaambia nini wengine?

"Na Muoki hakutumia miaka?" Syombua aliuliza.

"Alilipwa mshahara wake," Annelies akasema, tena bila ubaya, kama anayemkumbusha mtu kwamba chai imeshawekwa sukari. Kisha uso ukamchangamka. "Nitakuletea picha ya ua hili la Lotte. Kubwa, yenye fremu. Mtaitundika nyumbani."

Kuna watu ambao wema wao haujawahi kuwagharimu hata kitambaa cha pua, na hao ndio wabaya kuliko wote, maana ukiwakasirikia unaonekana mwehu ni wewe. Syombua aliutazama ule uso mwema.

"Na zile za Ngoingwa?" akauliza.

Kagwe akaacha kupukuta suruali.

"Zipi?" Annelies akauliza.

"Za Bwana Kagwe. Ukuta wake wote wa mbele ni Lotte. Muoki ndiye aliyekuwa akienda kumuungia, Jumapili akitoka kanisani. Kwa kikombe cha chai."

"Huyu mama ana uchungu," Kagwe akasema. "Hajui anachosema."

Annelies alimtazama Kagwe, akatazama gari, akatazama Kagwe tena. "Hilo tutalizungumza ofisini," akasema.

"Kwa nini lake lizungumzwe ofisini," Syombua akasema, "na langu lizungumzwe kaburini?"

Byron alikuwa amepunguza muziki, si kwa heshima, kwa umbea. Vijana waliochimba kaburi wakasogea na sahani zao. Kagwe akaona macho yanaongezeka, akamgeukia dereva wa kampuni.

"Wamalwa, chukua jembe ukatoe vile vitu."

"Mkubwa, mimi nimeandikwa dereva."

"Nimesema chukua jembe."

"Kaburi limefungwa saa hii hii, hata udongo haujakauka," Wamalwa akasema, akijifuta mdomo. "Mimi nina mtoto mmoja tu, bado natafuta. Wewe una watano, hata ukilaaniwa umeshavuna. Toa wewe."

Vijana wakacheka midomo imejaa wali. Syombua hakucheka. Akaenda, akalichukua jembe lenyewe lililomfunika kaka yake, akamnyooshea Kagwe mpini. Kagwe akarudi nyuma hatua, nayo hatua hiyo kila mtu akaiona.

"Usiniletee mambo ya ushamba hapa."

Basi Syombua akamnyooshea Annelies. "Ua ni lako. Toa."

"Siwezi," Annelies akasema, na sasa kweli alikuwa amepauka. "Hilo ni kaburi."

"Ulipokuwa ukipiga picha ulidhani ni nini?"

Annelies aliingia garini. Lile ua alilishika mpaka mwisho, hakuliacha. Kagwe alishusha kioo kidogo, upana wa mdomo tu. "Mpaka Jumatatu," akasema. "Kandarasi yako inaisha mwezi huu. Wafikirie watoto wako."

Aliwafikiria. Nani asiyewafikiria? Aliwafikiria Jumamosi akiosha sufuria za watu, na Jumapili kanisani hakusikia neno la mahubiri. Alivyotoka alikwenda kaburini akashika kijiti cha kwanza kwa vidole viwili, akakivuta kidogo. Kikaja. Kilikuwa hakijaota mizizi, hakikuwa na nguvu ya kumkatalia mtu. Kazi yote ambayo wakubwa wawili walishindwa ilikuwa kazi ya vidole viwili, na hakuna ambaye angemwona. Angeingia kazini kesho yake, aendelee kupanga urefu wa maua ya watu wasiojua kwamba Gatuanyaga ipo.

Akakirudisha. Akakikanyagia udongo kwa kisigino mpaka kikasimama.

Jumatatu aliweka kidole kwenye mashine ya langoni. Ikawaka nyekundu. Akakifuta kwa leso, akaweka tena. Nyekundu.

"Mama, kaa kando, wenzako wapite," askari wa lango akasema bila kumtazama usoni.

Akakaa kando. Wenzake wakapita, wengine wakimgusa bega, wengine wakijifanya wanatafuta kitu mfukoni. Gari la Kagwe nalo likapita, vioo juu. Ya ofisini yalikuwa yamezungumzwa, bila shaka, na yalikuwa yamekwisha vizuri, maana jioni ile kijana wa bodaboda aliyembeba Syombua alipitia Ngoingwa, naye akauona ule ukuta: mwekundu tele, mtu ameshika mpira anaunywesha maji.

Alipofika nyumbani alikuta mbuzi wa jirani kaburini. Kijiti kimoja kilikuwa kimeliwa. Shada la plastiki mbuzi hakuligusa.

"Maluki," akamwita jirani, "mbuzi wako amekula mali ya Uholanzi."

Maluki, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, akaja akimvuta mnyama wake kwa kamba. "Basi wamshtaki," akasema. "Kidole hana."

Syombua akakata matawi ya miiba, akazungushia viwili vilivyobaki. Akaleta karai la maji ya vyombo, akayamwaga polepole, shina hili, shina lile. Maluki alibaki amesimama, akikitazama kile kichaka cha nyuma ya jikoni.

"Sasa kazi ndiyo imekwenda?"

"Imekwenda."

"Na hawa watu watarudi kung'oa?"

"Watatuma wengine. Wao hawagusi udongo."

Mzee akaukuna ukope. "Mtu akipanda kimoja kwake, kinashika?"

Syombua akaingia jikoni, akatoka na kisu, akampa.

"Kata vinne," akasema. "Viwili vyako, kimoja mpelekee mwalimu, kingine pale kanisani. Wakija, watukute tuko wengi."