Laini ya Marehemu

Msajili alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, simu mkononi, akisubiri ujumbe ambao haukuja. Jina hilo alilipata kazini, kwenye ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo, na hata baada ya kustaafu ndugu na majirani hawakumwita vinginevyo. Sasa alikuwa nchi ya watu, kwenye ghorofa ya binti yake wa pekee, na benki ya kwao ilimwambia kupitia kioo cha simu kwamba imeshamtumia namba ya uthibitisho. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara nyingine. Kimya.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Uhamiaji walitaka kuona pensheni yake ikiingia kwenye akaunti aliyofungua huku, ndipo wamwongezee kibali cha kukaa. Isipoingia kesho, afungashe virago arudi kwenye nyumba tupu, amwache binti na mjukuu ambaye hata shingo haijakaza. "Hilo niachie mimi, mwanangu," alikuwa amesema kwa maringo. "Kwenye mambo ya ofisi nimekula chumvi." Binti akaenda zake kazini roho kwatu, mtoto mgongoni.

Alipovaa miwani ndipo akaona tarakimu za mwisho za simu iliyotumiwa ujumbe. Ilikuwa laini ya mumewe.

Mumewe ndiye aliyeshughulika na benki kwa simu, ya kwake na ya mkewe. Msajili alizoea kwenda dirishani na kitambulisho chake. Na laini hiyo aliifunga mwenyewe. Wengine wakifiwa hulia kwanza. Yeye alianza kutoa taarifa. Miaka yote alikuwa amewafokea watu kaunta, "Leteni taarifa mapema, msije kunisumbua baadaye!" Basi msiba wake ulipofika alizunguka mji mzima na cheti cha kifo: kwa mwajiri, kwa watu wa maji, kwa kampuni ya simu. Hata kinyozi wa marehemu alipewa nakala, maskini, akabaki ameishika asijue aiweke wapi.

Akaipiga namba ile, ili ajiridhishe kuwa imekufa.

Ikaita.

"Haloo?" Sauti ya mwanamume. Nyuma yake nyundo iligonga bati.

Msajili alikata simu kama aliyeshika kaa la moto. Laini imeuzwa! Kuna mtu huko, hamjui wala hajawahi kumwona, na namba zote za uthibitisho za Msajili zimo mfukoni mwa mtu huyo. Kiinua mgongo chote kimo kwenye akaunti ile. Jasho jembamba lilimtoka, na chumba kikawa kidogo mno. Aliogopa, tena aliogopa vibaya, kuliko alivyoogopa siku ile daktari alipomwita pembeni.

Akapiga benki, akapokewa na msichana mwenye sauti ya asali. "Mama, tunaweza kuifunga akaunti sasa hivi. Kuifungua, utafika tawini mwenyewe."

"Niko ng'ambo, mwanangu."

"Ndiyo, mama. Utafika tawini."

Aifunge, pensheni isiingie, arudishwe kwao. Aiache, akombwe mpaka senti ya mwisho. Alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, akarudi, akaishika simu, akaitupa kitandani, akaiokota. Mwisho akapiga tena kule kule.

"Nani wewe?" mwanamume akauliza. "Tangu asubuhi mnanitumia manamba."

"Ni yangu, baba. Nimeyatuma kwa makosa. Nitaomba linalofuata unisomee."

Nyundo ikanyamaza.

"Ahaa, kumbe ndio nyinyi! Hapa wameandika usimpe mtu yeyote. Namba ya nje, sauti ya bibi, eti nisomee. Mke wangu mlimliza hivi hivi! Sasa ngoja. Benki iko hapo ng'ambo ya barabara. Naenda kuwaambia waifunge hii akaunti."

"Usiende!" Msajili alipiga kelele, na papo hapo akajua kwamba amejichongea.

"Umeona? Unatetemeka, mwizi wee."

Alimsikia akivaa viatu, akimwambia mtu amwangalizie vifaa vyake. Mlango ukalia. Msajili akasahau heshima ya utu uzima, akaropoka yote, hata lile alilomficha binti yake: kwamba laini ilikuwa ya marehemu mumewe, kwamba aliyeifunga ni yeye, kwamba alisimama kwenye foleni kwa hiari yake na cheti mkononi, wala hakukumbuka kwamba benki inaijua namba hiyo tu.

Hatua zilikoma. "Ngoja. Uliifunga wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Laini yenye pesa zako?"

"Ndiyo, baba. Hiyo hiyo."

Mwanamume akaangua kicheko, kikamtoka mpaka akakohoa. "Mama, tapeli hawezi kutunga ujinga kama huo. Tapeli ana akili." Kisha sauti ikalainika. "Shikamoo. Nisamehe. Haya, tuma."

Akabonyeza. Kule simu ikalia. Alimsomea taratibu, na Msajili akaandika huku akiomba kimoyomoyo mtu huyo asibadili nia katikati. Mlango wa akaunti ukafunguka. Akaweka namba yake mpya mahali pa ile ya zamani, akaituma pensheni, akasubiri mpaka kioo kilipomwambia imepokelewa. Ndipo pumzi ikashuka.

"Asante, mwanangu. Mungu akulipe."

"Amina. Ila mama, na mimi nina shida." Alisita. "Kuna watu wanapiga hapa wakimtaka huyo mzee wako. Mmoja kila wiki, anasema walisoma pamoja. Namwambia amekosea namba, hasikii. Nimwambie nini?"

Msajili alifungua mdomo. Neno "amefariki" alikuwa ameliandika kwa majina ya watu wasiohesabika, akaligonga muhuri na kuita wa nyuma asogee. Sasa halikutamkika, na machozi aliyoyapa kisogo wiki ya msiba yakamshuka bila kelele.

"Mama? Upo?"

"Nipo." Akajifuta kwa upindo wa khanga. "Usimwambie kitu. Mpe hii namba ninayokupigia, nitamwambia mwenyewe."