Vyuma Nyuma ya Meno ya Sekela

Mvua ya Tukuyu haina haraka. Inanyesha kama mtu anayepepeta mchele, na Sekela, aliyekaa kwenye kiti cha mianzi sebuleni na tarumbeta lake mapajani, anaisikiliza huku ulimi wake ukipapasa vile vyuma vipya vya kunyooshea meno, unavigusa, unakimbia, unarudi kuvigusa tena. Vimefungwa nyuma ya meno, upande wa ulimi, kiasi kwamba hata akicheka mgeni haoni kitu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba viwekwe huko. Jino lake moja la mbele limekaa kimshazari tangu utotoni, na kila akipuliza katika bendi ya tarumbeta ya kanisani linamkata mdomo kwa ndani mpaka damu. Daktari wa meno alimwambia wazi kwamba jino lisiponyooshwa, iko siku mdomo utakataa. Vyuma vya mbele navyo vingemchubua midomo. Basi vikawekwa nyuma, na sasa midomo iko salama lakini ulimi una vidonda, chakula chake ni uji na ndizi za kuponda, na kila anapotaka kusema neno sasa, linatoka thatha. Jana mazoezini alipuliza, ikatoka hewa na mate. Wenzake waliinama wakijifanya wanafunga kamba za viatu, na Mwalimu Anyosisye, kiongozi wa bendi, akamwambia, Pumzika kwanza, Mama Tumpe. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma. Lakini leo nyumba imetulia, mumewe Gwamaka amepeleka maziwa, nta aliyobandika juu ya vyuma imelainika, blanketi lina joto, na Sekela anajiambia atafumba macho kidogo tu, na kabla hajamaliza kujiambia anaona amesimama.

Amesimama katikati ya mashamba ya chai, tarumbeta mkononi, katika njia nyembamba inayopita kati ya mistari ya kijani. Anatembea. Njia inajikunja, inashuka, inapanda, inapita kibanda cha kupimia majani, kisha inajikunja tena na kumrudisha kwenye kibanda kile kile, ila safari hii mlango wake uko upande wa pili. Ng'ambo ya kilima bendi yake inapiga. Anaujua wimbo, na anaijua nafasi iliyo tupu ndani yake, mahali ambapo sauti yake ilipaswa kuingia. Kila wanapofika hapo wananyamaza, kisha wanaendelea, kama watu wanaoruka dimbwi. Anaongeza mwendo, nao wanazidi kuwa mbali. Kando ya njia amesimama mtu mwenye koti refu la mvua, na chini ya kofia yake hakuna uso, mahali pake ni laini na peupe kama sahani iliyooshwa. Sekela anashangaa kwamba haogopi. Shikamoo, anasema. Marahaba, anajibu mtu yule, ingawa mdomo hana. Thamahani, nitawafikia lini wale? Utawafikia ukiacha kuwakimbiza. Na nipite njia ipi? Pita ile inayokuuma kidogo, anasema, na anapoinua mkono kuonyesha, njia zimekuwa nyingi, nyingine laini kama zulia, na moja ina kokoto. Sekela amevua viatu, hajui amevivulia wapi. Anaingia kwenye kokoto.

Kokoto zinamchoma mwanzoni, kisha zinamchoma kidogo, kisha anasahau kuzisikiliza, na hapo ndipo anapoingia mjini. Ni Tukuyu na si Tukuyu. Kanisa liko pale lilipokuwa soko, soko liko pale lilipokuwa kanisa, maandishi ya maduka yamegeuzwa, na ndani ya madimbwi ya barabarani mji mwingine umening'inia kichwa chini, nao una Sekela wake anayetembea nyayo kwa nyayo naye. Watu wanapita na miavuli, hawana nyuso, lakini wanasalimiana kwa furaha. Karibu thana, dada, wanamwambia, uthithimame mvuani. Sekela anasimama. Wote wanasema hivyo, wauza nyanya, mafundi viatu, watoto, na hakuna anayeinama kufunga kamba. Mama mmoja anamkalisha penye benchi na kumpa uji wa moto. Anamwambia, Kitendawili. Tega, anajibu Sekela. Nyumba yangu uzio wake uko ndani, wageni hawauoni, mwenyewe ndiye anayejikwaa. Sekela anacheka mpaka uji unamwagika kwenye kanga. Ni mdomo wangu huo, anasema. Ndiyo, leo ni mdomo wako, anasema mama, lakini ukishazoea hautakuwa kitendawili tena, utakuwa nyumba tu. Kunywa, mwanangu, hautakuchoma. Na kweli haumchomi. Unapita juu ya vidonda taratibu, kama mkono unaomfunika mtoto aliyelala.

Mwisho wa mji kuna geti, na kwenye geti fundi amekaa na koleo dogo linalong'aa. Naye hana uso, ila mikono yake ni safi, na sauti yake ni nzuri kuliko zote alizozisikia huku. Bendi yako iko hapo nyuma yangu, anasema. Fungua mdomo nikukatie vile vyuma, dakika moja tu, na utapiga kama ulivyokuwa unapiga. Sekela anasikia wimbo ukifika tena kwenye ile nafasi tupu, karibu kabisa, na mwili mzima unamsisimka. Anafungua mdomo. Koleo linaingia, baridi, linagusa waya wa kwanza. Ndipo anapouliza, kwa shida, kwa sababu ana chuma kinywani, Na jino langu? Litarudi lilipokuwa, anasema fundi. Na damu? Itarudi pia, lakini si ulishaizoea? Sekela anakumbuka vitambaa alivyokuwa akivificha kwenye mfuko wa tarumbeta, jinsi alivyokuwa akifuta damu haraka kabla ya ubeti wa pili ili mtu asione, jinsi alivyokuwa akihesabu nyimbo zilizobaki badala ya kuzifurahia. Anashika mkono wa fundi na kuutoa nje ya mdomo wake. Hapana, kaka, anasema. Nathema hapana. Nitajifuntha upya. Fundi hakasiriki. Analikunja koleo, analiweka mfukoni, na geti linafunguka kana kwamba halikuwa limefungwa.

Huko juu ya kilima wako wote, wamepangwa kama Jumapili, na ingawa hawana nyuso anawatambua kwa mabega na kwa vidole. Mwalimu Anyosisye anampungia asogee mahali pake. Hakuna anayemwambia apumzike. Sekela anainua tarumbeta, anapuliza, na inatoka hewa, na mate, na kitu kama mbuzi aliyekanyagwa. Mwalimu anangoja. Bendi yote inangoja, na mvua nayo inangoja, imesimama hewani. Anajaribu tena. Ulimi unakwenda kule kule ulikozoea, unajikata, unarudi. Basi anauacha ushuke kidogo, usipige meno, uguse tu nyuma ya ufizi kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa. Badala ya kupulizia silabi ya tu, anapulizia silabi ya du. Sauti inatoka. Si ile sauti yake ya zamani, kali, ya kupasua. Hii ni ya mviringo, ina maziwa ndani yake, na inaingia kwenye ile nafasi tupu na kuijaza mpaka pembeni. Mdomo haumuumi. Anapiga ubeti wa kwanza, na wa pili, na hahesabu kitu, na ukungu unakuja unawafunika mmoja mmoja huku wakiendelea kupiga, mpaka anabaki yeye na sauti yake.

Mama Tumpe, anasema mtu. Sekela anafumbua macho. Gwamaka amesimama mlangoni na ndoo tupu ya maziwa, anachuruzika maji, na Sekela anamkazia macho kwanza kuhakikisha: pua ipo, ndevu zenye mvi zipo, mdomo upo, na unatabasamu. Nimekusikia tangu kule kwenye daraja, anasema Gwamaka, nikasema leo huyu mwanamke amepata nini. Ulikuwa unathikia nini? anauliza Sekela. Nilikuwa nimelala, Baba Tumpe. Umelala wapi, na mimi nimesimama pale darajani nikisikiliza mpaka nimelowa? Sekela anatazama tarumbeta mapajani mwake. Lina joto. Linatoa mvuke mwembamba mdomoni. Blanketi liko sakafuni, na nyayo zake zinawasha kidogo, lakini kama ni kwa baridi ya saruji au kwa kitu kingine, hajui. Thatha mimi niko wapi, Baba Tumpe? Gwamaka anaweka ndoo chini, anafikiri kama mtu aliyeulizwa bei. Sijui, anasema. Kama uko ndotoni, basi na mimi nimo, na uji uko jikoni. Sekela anacheka. Bado anacheka wakati jirani yao Atuganile anapopaza sauti kutoka upande wa pili wa ua, Mama Tumpe, mbona umenyamaza? Rudia ule wa mwisho, nilikuwa ndio kwanza nimeanza kuucheza!