Swali Aliloniuliza Lornah

Daktari Opondo ni muungwana, kazi yake anaijua, na watu wa Manyatta wanampenda kwa sababu haringi. Ana kasoro moja tu: habari mbaya hapendi kuitoa yeye. Majibu ya maabara yakitoka na msiba ndani yake, utamsikia akikohoa, kisha anakumbuka ghafla kwamba hajanywa chai. "Sista Seline, ongea na wao kidogo," ananiambia, na kabla sijajibu ameshatokea mlango wa nyuma. Muuguzi katika kliniki hii ni mimi peke yangu, kwa hiyo nusu ya vilio vya mtaa huu vimeanzia mbele yangu.

Ndivyo nilivyoachiwa Lornah na Griffin. Lornah anafundisha watoto wa chekechea. Griffin anachomelea mageti kwenye banda la jua kali, jirani kabisa na banda la mume wangu Ogola, fundi wa injini za mashua. Walikuwa wafunge ndoa Desemba. Mchungaji wao haozeshi mtu ambaye hajapima damu, basi wakaja kupimwa Ukimwi, na Daktari, akijua damu za watu wa kando ya ziwa, akaongeza kipimo cha selimundu, ugonjwa ambao huku kwetu tunauita sikoseli.

"Ukimwi hakuna, nyote wawili," nikaanza.

Griffin akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Akamshika Lornah mkono, wakaanza kucheka, na mimi nikawaacha wacheke kidogo. Ningekuwa na roho ya Daktari, ningeenda chai na mimi.

"Kuna kitu ingine," nikasema.

Nikawaeleza. Kila mmoja wao amebeba nusu ya sikoseli kwenye damu yake. Mwenyewe haimsumbui, na hata humkinga kiasi na malaria, ndiyo maana sisi tuliokulia kwenye mbu tumejaa nayo. Lakini wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba inakuwa bahati nasibu. Nafasi moja kati ya nne, mtoto anazaliwa na ugonjwa wenyewe.

"Moja kati ya nne," Griffin akasema. "Hiyo si mbaya, Sista. Watatu wako sawa."

"Haiendi hivyo, Griffin. Kila mimba inaanza hesabu upya. Unaweza kupata wagonjwa wawili wakifuatana."

"Ama nikose hata mmoja."

"Ama ukose hata mmoja."

"Basi tutaomba Mungu. Wazee wameshaongea mambo ya ng'ombe. Mama yake alishapokea ayie. Sasa mimi nitaambia watu nini?"

Ayie ni idhini ya mama mzazi, na ikishapokelewa, kurudi nyuma ni aibu ya koo mbili. Nilimwelewa. Daktari hunikumbusha kila mara kwamba kazi yetu ni kueleza, si kuwaamulia watu, na ningeweza kukomea hapo. Lakini mdomo wangu hauna breki, na kwa jambo hili sikutaka uwe nazo. Nikawasimulia habari za Byron.

Mimi na Ogola hatukupimwa. Hakuna aliyetushauri, hata mimi niliyekuwa nimesomea uuguzi sikujishauri. Byron alizaliwa mnono, kila aliyembeba alimsifu. Alipoanza kukaa mwenyewe, vidole vya mikono na miguu vikavimba, na tangu hapo nyumba yetu haikujua wiki nzima ya amani. Maumivu yalipompanda alikuwa akiniomba nimkate miguu. Alinisihi kwa adabu, kwa sababu mimi ni sista na nina makasi. Alifariki akiwa darasa la tatu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kwa hiyo mengine sikuwaeleza.

Griffin alitazama sakafu. Lornah alikuwa ananitazama mimi.

"Sista, nikuulize kitu," akasema. "Kama mngepimwa, vile sisi tumepimwa, ungeolewa na yeye? Byron ungezaa?"

Hakuuliza kwa ubishi. Alikuwa anataka kujua, na niliona wazi kwamba jibu nitakalompa ndilo atakalolifuata.

Jibu nilikuwa nalo. Ningeolewa na Ogola hata leo, na Byron ningemzaa tena nikiwa najua yote, kwa sababu siku zake nzuri zilikuwepo. Alikuwa akiwahubiria kuku wa jirani kwa sauti ya mchungaji. Kichwa cha samaki alikimaliza mpaka macho, kisha anamuuliza baba yake kama anakula chake. Hilo ndilo jibu la mama. Ila mama naye ni mchoyo. Anakumbuka kicheko cha mtoto, na miguu inayouma si yake.

"Hapana," nikasema. "Nisingeolewa na yeye. Byron nisingemzaa."

Sauti yangu haikutetemeka. Moyoni niliona nimemzika mwanangu mara ya pili, na safari hii hakuna mtu aliyenisaidia kutupa udongo.

Lornah akaitikia kwa kichwa. "Asante, Sista. Nimesikia." Griffin alikuwa ameshatoka, bila kumngoja.

Wiki haikuisha. Jioni moja Ogola alirudi mapema kuliko kawaida, akanawa mikono, akakaa mezani. Nilimwekea ugali na omena, asiviguse. Mume wangu ni mtu wa moyo mwepesi. Hawezi kumwona mtu akilia bila kumpa alicho nacho, na siri haikai kwake, hata ukimlipa.

"Griffin amelia leo mbele yangu," akasema. "Lornah amekataa harusi. Anasema ni maneno yako."

"Mambo ya kliniki siongei nyumbani. Unajua."

"Sitaki ya kliniki. Nataka yangu." Akaipangusa meza kwa kiganja ingawa ilikuwa safi. "Anasema uliwaambia kama ungejua, haungeolewa na mimi. Na mtoto haungezaa. Ulisema?"

"Nilisema."

"Ulikuwa unatisha tu hao vijana. Si ndiyo? Niambie ulikuwa unadanganya, nikule, nilale."

Neno moja tu lilitosha. Nililitamani kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Lakini ninamjua Ogola. Asubuhi, kabla hajafungua injini ya kwanza, angemwonea Griffin huruma na kumwambia. Griffin angekimbia mpaka kwa Lornah: sista alidanganya, yeye mwenyewe angezaa. Na Lornah angerudi, kwa sababu bado anampenda, hilo hata kipofu angeliona. Labda wangepata watoto wenye afya, mmoja baada ya mwingine, na mimi ndiye niliyewanyima. Hilo nalo niliwaza, na bado linanitafuna. Halafu nikaisikia tena ile sauti inayoomba makasi kwa adabu.

"Nilisema ukweli," nikamjibu.

Tangu mtoto wetu azaliwe, na hata baada ya kumzika kule Asembo, mume wangu alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu. Mbele ya wageni au tukiwa wawili, katika furaha na katika ugomvi, mimi kwake ni Mama Byron. Aliisukuma sahani polepole, akainuka.

"Sawa," akasema. "Nimeshiba, Seline."