Maji ya Nyota Iliyolipuka

Hilario Forquera alikuwa anachuna mbuzi nyuma ya nyumba, kwenye uwanda mkavu wa kusini mwa mkoa wa Mendoza, mkewe Delmira alipopiga makofi langoni. Delmira alikuwa amekufa tangu majira ya baridi. Kule hata maiti ni mgeni, na mgeni hapiti bila makofi. Hilario akanawa, akamkaribisha.

"Umekonda, mzee," alisema Delmira.

"Wewe je? Ukuta nauona kupitia kifuani mwako."

Akamtilia majani ya yerba, chai ya kule, kibuyuni, akamimina maji ya moto. Delmira akafyonza mrija, akatema.

"Ya kisima haya. Ndiyo yaliyoniua. Nipe ya tangi."

Tangi lilikuwa malishoni kwao, moja kati ya mengi. Wapima nyota walileta maji safi kwa lori, wakayafungia humo gizani. Chembe zilizotupwa na nyota iliyolipuka zamani zikipita, maji humetameta samawati, na mjini wanahesabu kila mmetuko. Kisima cha Hilario kina arseniki, sumu ya ardhini. Wakubwa wanajua, na kila uchaguzi huahidi bomba.

Hilario akaenda mjini kwa mhandisi Bordenave, msimamizi wa matangi.

"Birika moja tu, mhandisi. Mke wangu ana kiu."

"Si marehemu, don Hilario?"

"Huyo huyo."

"Pole sana. Lakini tukilifungua, mwanga utaingia, tangi lipofuke. Hata walio hai hatuwapi."

Diwani, aliyekuja hapo kunywa kahawa, akadakia, "Bomba linakuja, don."

"Linatambaa kutoka wapi, Uchina? Delmira amelingoja mpaka kaburini."

Diwani akakoroga kahawa yake.

Delmira, kule nyumbani, hakungoja jibu. Alipenya chuma, akachuchumaa ndani ya tangi, akanywa kwa viganja. Kesho yake Bordenave alikuja, akapiga makofi langoni.

"Mkeo tumemwona kwenye kompyuta. Anang'aa, anatuvurugia hesabu ya chembe. Mwombe atulie."

"Alitulia miaka yote. Mkamzika."

Hawakumfukuza. Walitafuta namna ya kumtoa kwenye hesabu, na kila asubuhi wanamtoa, nyota inabaki peke yake. Maji yalipopungua, lori likaanza kuja kujazia alichokunywa. Linapita langoni kwa Hilario likidondosha matone vumbini. Dereva hupiga honi. Hilario humwitikia kwa kichwa, maana mikono yote miwili imeshika kamba ya ndoo ya kisima.