Kaburi la Mzee Wanyoike Kwenye Parking

Jumamosi saa moja asubuhi Muturi alitoka nje kupasha injini ya Probox moto akapata kaburi la babake haliko. Pale lilikuwa, kati ya choo na mstari wa kwanza wa viazi, kulikuwa kumebaki udongo tu, umelainika vizuri kama shamba lililongojea mbegu. Simiti ilikuwa imeenda na msalaba wake. Hata zile tiles za samawati zilikuwa zimeenda, zile zilizobaki wakati wa kujenga bafu.

Mamake, Wachuka, alikuwa amesimama kwa mlango akifunga kitambaa cha kichwa.

"Mami, kaburi imetoka."

"Nilisikia ikisota nikienda kukamua," akasema. "Ulifunga ndama?"

"Nimefunga."

"Basi twende. Lynn hapendi kungojeshwa."

Wakashuka kutoka Molo na ukungu wake, wakamchukua Lynn Nakuru mjini. Lynn alikuwa dadake Muturi, anafanya kazi Nairobi, na alikuwa amevaa viatu vyeupe. Siku hiyo walikuwa wanaenda kuchagua mahali mathe, mama yao, atakaa. Jamleck, kifungua mimba, alikuwa Texas, na kutoka huko alikuwa ametuma majina ya nyumba mbili kwa group ya familia. Hazikuwa zile nyumba za kuweka wazee kwa kiti na kuwalisha uji. Hizi zilikuwa za wazee wenye bado wako na nguvu, active seniors. Kuingia lazima uwe umepita miaka hamsini na tano na uweze kutembea bila kushikwa. Wachuka alikuwa na sabini na tatu, na wiki hiyo alikuwa amechimba magunia saba ya viazi.

Walimwambia ni kupumzika tu. Nyumbani itabaki, na msimu wa kupanda ukifika Muturi atakuwa anakuja kumchukua.

Lakini shamba lilikuwa limeshauzwa. Wiki tatu kabla ya hapo, wakili alikuja na karatasi, na Muturi ndiye alishika mkono wa mamake. Alichukua kidole gumba, akakiweka kwa wino, akakifinya kwa karatasi mara tatu. Akamwambia hiyo ilikuwa orodha ya mbolea ya serikali. Mathe akamshukuru. Jioni hiyo alienda mpaka kwa jirani kusema kijana wake amemhangaikia mbolea. Muturi aliacha shule form two, na miaka saba alikuwa ameendesha canter za watu, yale malori madogo ya mizigo. Jamleck alikuwa amemwahidi canter yake mwenyewe shamba likiuzwa. Hakuna njia nzuri ya kusema hiyo maneno.

Kiamunyi, kwa ile nyumba ya kwanza, walipata kaburi limefika. Lilikuwa kwenye parking, slot namba tisa, katikati ya Prado na kigari cha kubeba takataka.

Msichana wa kuonyesha nyumba aliitwa Jepkemei. Alisalimia watu wote kwa mkono, halafu akaangalia huko.

"Hiyo ni ya kwenu?"

"Ni ya baba," Lynn akasema.

"Karibuni sana. Sasa mwambieni asogee kidogo, hiyo slot iko na mwenyewe. Visitors ni huku."

Kaburi likasogea. Wachuka akaweka kibeti chake juu ya tiles akainama kufunga kamba za viatu, halafu wakaingia.

Jepkemei aliwaonyesha bwawa la kuogelea, chumba cha mazoezi chenye vioo ukuta mzima, na nyumba namba kumi na nne, vyumba viwili, jikoni ndogo, mlango wa nyuma unafungukia nyasi. Wachuka akafungua kila kabati.

"Jembe mnaweka wapi?"

"Jembe ya nini, shosho?"

"Ya kulima."

"Hapa hatulimi," Jepkemei akasema, akicheka kidogo. "Kuna mtu wa maua. Kazi yako wewe ni kukaa active."

"Active nikifanya nini?"

Jepkemei akaangalia karatasi yake. "Dansi ya zumba ni Jumanne na Alhamisi."

Wachuka akatingisha kichwa polepole, kama mtu ameambiwa bei na ameamua kutobargain. Lynn akauliza maneno ya kaburi. Jepkemei akapiga simu ofisini. Sheria ilisema paka na mbwa mwisho kilo kumi, lakini ya makaburi haikuwa imeandikwa. Meneja akasema haina shida bora tiles zisigongane na rangi ya ukuta.

"Ukuta ni cream," Jepkemei akasema. "Hiyo itaenda."

Wakatoka kwenda ya pili, huko chini upande wa Olkaria. Wakifika Mbaruk walilipita kaburi barabarani. Lilikuwa limeshika kushoto kabisa, likiachia malori yapite, halina haraka.

"Mpigie honi," Wachuka akasema. "Si vizuri kupita mtu hivyo tu."

Muturi akapiga honi. Kikopey Lynn akasema ana njaa, wakasimama kula nyama, na wakiwa kwa mezani kaburi likawapita. Mtu wa kukata nyama aliliangalia likienda, akauliza kama waongezewe kachumbari.

Hiyo ya pili ilikuwa imejengwa kando ya mlima. Huko juu mvuke ulikuwa unatoka ardhini siku yote, na waliuleta kwa mabomba mpaka kwa bwawa la maji moto. Kijana wa hapo alikuwa Hanif, mpole, shati imepigwa pasi. Kaburi lilikuwa kando ya bwawa, tiles zimejaa jasho. Akina mama wawili wa kofia za kuogelea walikuwa wamekaa chini wameliegemea kwa mgongo.

"Hii iko na joto poa," mmoja akamwambia Wachuka. "Ni ya nani?"

"Ni mzee wangu."

"Ametulia."

"Alikuwa hivyo hata zamani."

Hanif akamwambia mvuke ni mzuri kwa magoti. Wachuka akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na nikitaka kwenda nyumbani kwanza, nipande, halafu nirudi?"

"Mama, hapa sasa ndiyo itakuwa nyumbani."

Lynn akatoa simu akaenda kusimama mbali. Mathe akazunguka bwawa akaweka kiganja juu ya tiles, akakaa hivyo, halafu akamwita Muturi. Akina mama wa kofia wakaingia kwa maji kuwapisha.

"Muturi."

"Mami."

"Miaka kumi na moja tumemzika, huyu mzee hajasumbua mtu. Hata wakati ng'ombe walimkanyaga hakutoka. Leo ametoka shambani amefika Kiamunyi, amefika hapa." Akamwangalia. "Kuna kitu amesikia?"

Siku hiyo bado ingewezekana kurudisha shamba. Kikao cha bodi ya ardhi cha kuidhinisha uuzaji kilikuwa Jumanne. Mathe angeingia hapo aseme hajui lolote, na uuzaji ungeishia hapo. Walikuwa wamepanga kusema ni mgonjwa. Muturi alijua hayo yote akiwa amesimama hapo na mvuke ukimpiga usoni. Aliona Lynn akimwangalia kutoka ng'ambo, simu sikioni, haongei na mtu. Alifikiria canter.

"Labda anataka tu kuona mahali utakaa," akasema.

"Eeh." Mathe akapangusa jasho kwa tile moja na kona ya leso. "Na ungekuwa wewe, ungechagua gani?"

"Ya Kiamunyi. Iko karibu. Nitakuwa nakuja Sunday."

"Basi ni hiyo," Wachuka akasema. "Nilikuwa nangoja wewe useme."

Jumanne ilipofika, mathe alikuwa anahamishwa. Kikao kilichukua dakika kumi. Mnunuzi alifurahi sana, kwa sababu alikuwa ameambiwa kuna kaburi, na alipokuja kuangalia alipata udongo laini. Wiki hiyo hiyo tractor ikapita hapo kutoka choo mpaka barabara bila kukwama.

Kaburi lilikaa nyuma ya namba kumi na nne, kwa nyasi. Halikugongana na ukuta. Siku za wiki wazee wa hapo hucheza karata juu yake, na Wachuka hulipangusa asubuhi kabla ya kukaa. Zumba alienda mara moja.

Muturi alipewa canter yake, nyeupe. Kila Jumapili hubeba gunia dogo la viazi akishuka nalo kutoka Molo, na kila Jumapili akifika kwa geti, Micah wa security hutoka kumwonyesha kwa kidole.

"Boss, visitors imejaa. Mzee amefika."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa hii tu. Alisikia canter ikija."

Kaburi huwa limelala hapo likishika slot zote mbili za visitors. Wageni wengine wakija, hujivuta kuwapisha. Muturi siku hizi hapigi honi. Huacha canter nje kando ya ua, akaweka gunia kwa bega, akapita kando ya babake akiangalia mbele.

Jumapili moja alipata mathe jikoni amekaa, mikono juu ya magoti, kucha safi kabisa. Viazi vilikuwa vya kununua sokoni. Akachukua kimoja, akakigeuzageuza, akakirudisha.

"Mlipanda?"

"Tulipanda."

"Hata ile ya chini, karibu na mto?"

"Hata ya chini."

"Na ile mbolea, ilikuja?"

"Bado, mami. Wanasema wiki ijayo."

"Hawa watu," Wachuka akasema. Akainuka kutafuta kisu cha kumenya, akafungua kabati ya kwanza, akafungua ya pili. "Na vile ulinishikia mkono mara tatu."