Luhaga Arudi Kwenye Drams

Wilhelmina alikuwa ameimba nyimbo chache tu, na tayari koo lilikuwa limemkauka kwa kukimbizana na drams. Rahim, mpigaji mpya wa bendi yake, alikuwa na mikono myepesi, lakini hakujua kumsubiri mtu. Mwimbaji akivuta pumzi, yeye keshafika mbele. Mpiga besi akimfuata Rahim, mpiga solo akimfuata Wilhelmina, wachezaji katikati wakikanyagana.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na ukumbi wao, kwenye baa mpya ya viti vya plastiki, bendi iliyoletwa kutoka Dar ilikuwa imechangamka. Watu wa mtaa wao wa Pasiansi wakaanza kuvuka, chupa mkononi.

Wilhelmina akawaambia wenzake wapige bila maneno. Akashuka jukwaani, akaenda mbio nyuma ya ukumbi, nyumbani kwa mdogo wake Sabina. Luhaga, mume wa Sabina, ndiye aliyewapigia drams miaka yote, mpaka kiwanda cha minofu ya sangara kilipofunguliwa akaenda kutafuta mshahara.

Alimkuta uani pamoja na mkewe.

"Shemeji, unasikia?"

"Nasikia. Kijana anakimbia kama ng'ombe wameingia shambani kwake."

"Basi njoo."

Luhaga akamtazama mkewe. Sabina aliendelea kuchambua dagaa. "Dada, nilishakwambia, bendi hailishi watoto."

"Hailishi, mdogo wangu. Kiwandani abaki. Mimi naomba Jumapili tu, kama leo."

Sabina akapepeta dagaa kwenye ungo. Kisha akasema, "Tangu mchana anagonga meza kwa vidole, chai yote imemwagika. Mchukue."

Jukwaani, Rahim alimpisha Luhaga, akashika tumba, ngoma ya kupigwa kwa viganja, amenuna. Luhaga hakuanza kwa kishindo. Aligonga dramu kubwa la mguuni taratibu, kama mtu anayebisha hodi, mpaka mpiga besi akageuka, akacheka, akaingia. Solo nalo likaingia. Wilhelmina akavuta pumzi makusudi, akaishikilia. Drams zikamsubiri. Alipoachia neno la kwanza, lilitua palepale lilipotakiwa kutua, na mwili mzima ukamsisimka. Alikuwa amesahau kwamba kuimba ni raha.

Sebene, ile sehemu ya kucheza, lilipofika, Luhaga akafungulia. Sahani za drams zikalia, tumba likajibu. Rahim alikuwa amesahau kununa. Waliovuka wakarudi, wengine wamebeba viti vya jirani vichwani. Mwenye baa ya ng'ambo akaja kuvidai, akaishia katikati ya wachezaji, jasho likimtiririka.

Walipopumzika, Rahim alisogea. "Kaka, unajuaje pa kusubiri?"

"Mtazame dada mabega. Akiyainua, mikono yako ipumzike."

Rahim akaitikia kwa kichwa, akaomba wimbo unaofuata apige yeye. Luhaga akampa vijiti, akasimama nyuma yake. Wilhelmina akanywa maji, akainua mabega.