Mungu Alipogeukia Kushoto

Mfalme akifa Napata, mungu Amani ndiye humchagua mwingine. Hutolewa hekaluni, sanamu juu ya machela yake ya dhahabu, wanaume kumi na wawili wameyabeba mabegani, sita mbele na sita nyuma, akapitishwa uwanjani mbele ya wana wa marehemu. Atakayeinamiwa ndiye mfalme. Asiyeinamiwa hupelekwa siku hiyohiyo ngome ya jangwani, akalinde mchanga usiibwe, na huko hakuna aliyewahi kurudi.

Shatelaye, mke mkubwa wa marehemu, hakuwa na wasiwasi. Kwa miaka ishirini mumewe alishika fimbo ya ufalme, yeye akamshika mumewe. Na huyo mume naye aliinamiwa kwa sababu bibi harusi wake, Shatelaye huyu huyu, wakati huo mwali wa miaka kumi na sita, alikuwa ameshazungumza vizuri na wabebaji wa mbele. Sasa ilikuwa zamu ya Arkala, mwanawe wa pekee.

Asubuhi alimwita Khalemi, kiongozi wa wabebaji, mzee mwenye sugu begani kubwa kama andazi.

"Upande gani, Khalemi?"

"Kulia, Mama. Kwa Arkala."

"Na wenzako watano wa mbele?"

"Wamekula ng'ombe wako mpaka wanacheua wao badala yake."

"Na mungu akikataa?"

Khalemi akacheka. "Mama, mwaka wa thelathini huu nambeba begani. Hajanikoholea hata mara moja."

Wakacheka wote wawili, mchana kweupe, bila hata kuziba mdomo.

Uwanjani Arkala alisimama kulia. Kushoto alisimama Tabirko, kijana mwenye masikio kama vikombe, na nyuma yake mama yake, Wadetiye, mke mdogo, aliyeingia ikulu kama mtwangaji wa wanja.

"Umempamba mwanao," Shatelaye akamwambia. "Vizuri. Jangwani ataonekana toka mbali."

"Ahsante, bi mkubwa. Nimemzidishia na mafuta, jua lisimbabue."

Ngoma zikalia. Machela yakaja taratibu, yakafika katikati, yakaanza kugeukia kulia. Kisha yakasita. Shatelaye akaona visigino vya Khalemi vikichimba mchanga na mishipa ya shingo ikimtoka. Machela yakazunguka kushoto kama ng'ombe aliyeona maji, yakaenda moja kwa moja hadi kwa Tabirko. Wabebaji wa mbele wakaanguka magotini, na mungu akainama.

"Amenisukuma!" Khalemi akalia, machozi yakimchuruzika. "Jamani, mungu yupo! Nisamehe, Baba, nilikucheka!"

Mjinga yule alikuwa anaamini. Shatelaye akawatazama wale sita wa nyuma: wanahema, wanatazama chini, na mmoja anabana kicheko.

Wadetiye akamsogelea sikioni. "Bi mkubwa, wale wa nyuma hukuwahi kuwauliza hata majina. Mimi nilikula nao jikoni miaka yote. Wana mabega, wale!"

"Mama!" Arkala akapaza sauti. "Wamesukuma! Nimewaona kwa macho yangu! Sema, wewe watakusikia!"

Makuhani wakamgeukia Shatelaye. Angesema nini? Akisema mungu husukumwa, wa kwanza kuulizwa ni nani aliyemsukuma miaka ishirini iliyopita. Marehemu angekuwa mfalme wa uongo, na mwana wa mfalme wa uongo hapelekwi jangwani. Huchinjwa palepale ukutani.

Akainua kidevu. "Mungu amesema," akatamka, kila mtu akasikia. Akapiga kigelegele, yeye wa kwanza, maana ndiyo haki ya mke mkubwa.

Arkala akaja mpaka mbele yake.

"Kumbe uko nao."

Wadetiye alikuwa pale pale, masikio wazi. Makuhani nao.

"Simama wima," Shatelaye akamwambia mwanawe. "Watu wanakutazama."

Arkala akatema mate karibu na kidole cha mguu cha mama yake, akageuka, akawafuata askari wa kumpeleka ngomeni bila kusubiri kushikwa mkono.

Mama yake akavuta pumzi, akapiga kigelegele cha pili. Desturi inataka vitatu.